Kigunduzi Kisichojua Jibu

Naanza kwa kuungama. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, tulipewa zoezi la pendulamu katika maabara ya fizikia. Ni zoezi ambalo wengi wenu mmelifanya au mtalifanya. Unaning'iniza gololi ya chuma kwa uzi, unaisukuma kidogo, unahesabu mibembeo 50 huku mwenzako akishika saa, kisha unapiga hesabu kupata mvuto wa dunia. Ubaya wa zoezi hili ni kwamba jibu linajulikana kabla hujaingia mlangoni: ni 9.8.

Kikundi chetu kilipata nambari zisizopendeza. Dakika kumi kabla ya kengele tulifanya kile ambacho wanafunzi hufanya tangu enzi na enzi: tukapika. Tulianza na 9.8 tukarudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye sekunde. Nyuzi tatu, majibu matatu, yote yanang'aa kama sahani za harusi. Mwalimu alilitazama daftari letu kwa muda, akauliza, "Hii saa isiyokosea hata mara moja mliinunua wapi?" Kimya. Akatupa sufuri, kisha akatupa adhabu ambayo sikuitarajia. Alituletea makala yaliyopigwa chapa kuhusu jaribio moja la huko Marekani, akatuambia, "Someni mwone jinsi watu wazima wanavyojizuia kupika. Halafu mje mtueleze."

Adhabu hiyo ndiyo makala haya. Kunradhi kwa istilahi. Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, na mwenzangu wa meza aliapa kwamba Kiswahili hakiwezi kuyasema mambo haya. Nimejaribu. Nikiteleza, walimu wa Kiswahili wanisahihishe kwa huruma.

Jaribio lenyewe linaitwa Qweak. Lilifanywa kati ya mwaka 2010 na 2012 katika Maabara ya Jefferson, mjini Newport News, jimbo la Virginia. Huko, chini ya ardhi, kuna mashine ya kuongezea elektroni kasi, yenye umbo la uwanja wa mbio na mzingo wa kilomita 1.4 hivi. Elektroni zikishapata kasi karibu sawa na ya mwanga, huelekezwa kwenye shabaha. Nyingi hupita bila kugusa kitu. Chache hukwaruzana na viini vya atomu, zikapinda njia, na zile zilizopinda ndizo zinazonaswa na kigunduzi. Kazi hii yote huitwa kutawanya elektroni.

Kwa nini ujisumbue? Fikiria umefungiwa usiku katika ghala lenye giza totoro na unataka kujua kuna nini mle ndani. Unaokota vijiwe, unavirusha huku na huku, unasikiliza vinarudi vipi. Ndivyo Robert Hofstadter wa Stanford alivyopima ukubwa wa viini vya atomu katika miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba hata protoni ina upana wake, si nukta tupu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Baadaye, kuanzia 1967, wenzake wa SLAC, huko huko California, walirusha elektroni zenye nguvu zaidi wakakuta ndani ya protoni mna vitu vidogo zaidi, vile tunavyoviita kwaki. Nao wakatuzwa mwaka 1990.

Watu wa Qweak hawakutafuta ukubwa wa kitu. Walitafuta tofauti, tena tofauti ndogo ajabu.

Elektroni ina tabia ya kuzunguka kama pia ya mtoto. Kunja ngumi ya mkono wa kulia, nyoosha kidole gumba kuelekea inakokwenda elektroni. Ikiwa inazunguka upande wanakoelekea vidole vyako vinne, hiyo ni elektroni ya mkono wa kulia. Ikizunguka kinyume, ni ya mkono wa kushoto. Kani ya umeme haijali ni mkono gani. Huzitawanya zote sawasawa. Lakini iko kani nyingine katika maumbile, nayo huitwa kani dhaifu, ambayo ina upendeleo baina ya kulia na kushoto. Kwa hiyo ukirusha elektroni za kulia na za kushoto kwa idadi sawa kwenye protoni, idadi zinazotawanyika hazitalingana kabisa. Tofauti hiyo inakuambia kani dhaifu inaishika protoni kwa nguvu kiasi gani. Wanafizikia huiita chaji dhaifu ya protoni, na nadharia yao kuu ilikuwa imekwisha kutabiri ni ngapi. Ikiwa kipimo kingekataa kukubaliana na nadharia, basi kuna kitu kipya ulimwenguni ambacho hakuna aliyekijua. Unaona hatari iliyopo? Jibu linajulikana kabla ya kuingia mlangoni.

Sasa sikiliza udogo wa tofauti yenyewe. Katika kila elektroni bilioni moja zilizonaswa, za kushoto zilizidi za kulia kwa 226 hivi. Mia mbili ishirini na sita katika bilioni!

Chukua sarafu ya shilingi 10, ile yenye simba, uirushe mara 100. Hutapata simba 50 na nembo 50 barabara. Tofauti ya kumi hivi ni jambo la kawaida. Irushe mara 10,000: tofauti itafika mia hivi. Kumi katika mia ni sehemu moja ya kumi, ilhali mia katika elfu kumi ni sehemu moja ya mia. Yaani, ili bahati nasibu ipungue mara kumi, sharti urushe mara mia zaidi. Sheria hii haina huruma wala haihongeki. Ukitaka bahati nasibu ishuke hadi sehemu moja ya milioni mia, unahitaji elektroni ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 16. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini hiki ni kibaba cha namna gani? Ungehesabu elektroni moja kila sekunde bila kulala wala kwenda kula githeri, ungemaliza baada ya miaka zaidi ya milioni 300. Ukipata mtambo wa kuhesabu milioni moja kila sekunde, bado ungehitaji miaka zaidi ya 300, na hapo wewe na mwalimu wako mmekwisha kusahaulika.

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda adhabu yangu. Waliamua kutohesabu.

Mkulima anapoyapeleka mahindi sokoni hahesabu punje. Anaweka gunia kwenye mizani. Nao wakaamua kupima uzito. Kila elektroni inayofika kwenye kigunduzi huacha mwanga kidogo, mwanga hugeuzwa kuwa mkondo wa umeme, na mkondo huo hupimwa kwa jumla. Mkondo mkubwa, elektroni nyingi. Mkondo mdogo, elektroni chache. Kwa njia hii kila kipande cha kigunduzi kiliweza kupokea elektroni mamia ya mamilioni kwa sekunde bila kuchanganyikiwa.

Lakini mizani ina kasoro yake, na mfanyabiashara yeyote wa nafaka anaijua. Mawe na vumbi navyo vina uzito. Ukihesabu punje moja moja utaliona jiwe na kulitupa. Ukipima gunia zima, jiwe linauzwa kwa bei ya mahindi. Na katika chumba cha jaribio kama lile takataka ni tele: nyutroni, miale, elektroni legelege zilizodunda kwenye kuta na mabomba. Kwa hiyo ikawa lazima kubuni kigunduzi ambacho kwa asili yake hakiyaoni mawe.

Wakachagua kioo. Si kioo cha dirisha, bali kioo safi mno kilichoyeyushwa kutokana na silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe. Walitengeneza mbao nane za kioo hicho, kila ubao una urefu wa mita 2 kama mlango wa bweni, upana wa sentimita 18, na unene wa sentimita 1.25 tu. Ndani ya kioo mwanga hupunguza mwendo, ukawa kidogo zaidi ya theluthi mbili ya kasi yake ya kawaida. Elektroni yenye mbio, ikiingia humo, inaupita mwanga! Hakuna kinachoupita mwanga penye utupu, lakini ndani ya kioo inawezekana. Na kitu chenye chaji kikiupita mwanga namna hiyo, huacha nyuma yake wimbi la mwanga wa samawati, kama vile mashua iendayo kasi inavyoacha wimbi majini. Pavel Cherenkov wa Urusi aliuchunguza mwanga huo mwaka 1934, na mwaka 1958 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili. Chembe zinazokwenda polepole haziwashi mwanga huu hata kidogo, na nyutroni, isiyo na chaji, haiuwashi yenyewe. Mawe mengi yamekwisha kutupwa kabla ya kupimwa.

Plastiki zinazomulika, ambazo hutumiwa katika vigunduzi vingi, zingetoa mwanga mwingi zaidi. Zikakataliwa. Kwanza zinammulikia kila apitaye, awe mgeni au mwizi. Pili, mnururisho mkali huzifanya ziwe manjano, na glasi ya kawaida huwa kahawia, kisha mwanga unapungua siku hadi siku. Kioo cha silika safi hustahimili. Waliridhika na mwanga mchache ulio mwaminifu.

Mwanga huo hutokaje? Ule mdundo wa mwanga mliousoma katika Kidato cha Tatu, pale mwanga unapogonga ukuta wa kioo kwa pembe pana ukashindwa kutoka, ndio unaousafirisha. Unadunda na kudunda mpaka mwisho wa ubao, ambako pana jicho la umeme: neli inayopokea mwanga hafifu na kuuzidisha kuwa mkondo unaopimika. Kila ubao ulikuwa na macho mawili, moja kila upande. Kumbuka hayo macho mawili.

Mbao nane zilipangwa kwa duara, mwale wa elektroni ukipita katikati. Mbele yake kulikuwa na sumaku kubwa yenye koili nane, ambayo ilizipinda elektroni zilizogonga protoni sawasawa zikaangukia kwenye kioo, na zile zilizopoteza nguvu njiani zikaangukia kwingine. Kwa nini duara? Kwa sababu mwale haukai kimya. Ukisogea juu kidogo, ubao wa juu na ule wa chini hubadilika kwa namna zinazopingana, na ukijumlisha zote nane makosa yanafutana kwa kiasi kikubwa. Shabaha yenyewe ilikuwa haidrojeni iliyogandamizwa kwa baridi hadi kuwa maji, nyuzi 253 chini ya sufuri, katika chombo chenye urefu wa sentimita 34 hivi. Mwale uliopita humo ulikuwa wa maikroampea 180, yaani elektroni milioni milioni elfu moja na zaidi kwa sekunde, na ilibidi haidrojeni ipozwe na kusukumwa mbio ili isitokote.

Hata hivyo, takataka zilibaki nyingi kuliko walivyotaka. Wakaweka bamba la risasi lenye unene wa sentimita 2 mbele ya kila ubao. Elektroni yenye nguvu ikigonga risasi hupasuka ikawa mvua ya chembe nyingi, kwa hiyo mwanga unaongezeka. Chembe legelege hufia mle mle. Ni kama kupiga ndege wawili kwa jiwe moja, sivyo? Polepole! Mvua hiyo hailingani: elektroni moja huleta manyunyu, nyingine gharika. Ni sawa na kupima gunia ambalo punje zake si za ukubwa mmoja. Uzito hauambii idadi kwa uhakika ule ule, na unahitaji elektroni zaidi kufidia. Hilo walilijua, wakalipa bei.

Kuna bei nyingine ambayo hawakuitazamia. Zile elektroni, zikipita katika sumaku, mhimili wa mzunguko wao ulipinda kidogo, ukawa haulingani tena na njia yao. Zilipodunda ndani ya risasi, zile za kulia zilielekea upande mmoja wa ubao zaidi kidogo, na za kushoto upande wa pili. Hiyo si kani dhaifu. Ni hila ya risasi tu, lakini inavaa nguo zile zile. Jicho la upande mmoja lilitoa jibu tofauti na jicho la upande wa pili! Kama kila ubao ungekuwa na jicho moja, ama kweli wangetangaza uongo huku wakiamini ni ugunduzi. Macho mawili yaliwaokoa: ukichukua wastani wake, hila ya kushoto na hila ya kulia karibu zinafutana, kikabaki kipande kidogo cha kusahihishwa kwa hesabu. Mimi naona hapa ndipo ufundi ulipo. Aliyeweka jicho la pili hakujua hila hii itakuja.

Sasa nifike kwenye kupika.

Mwale ulibadilishwa mkono, kulia kwa kushoto, mara 960 kila sekunde, ili joto la chumba au uchovu wa vifaa usipate nafasi ya kujifanya tofauti. Mpangilio wa kubadilisha ulichaguliwa kama kwa bahati nasibu. Na vyombo vya kupimia havikuambiwa kwa wakati ule ni mkono gani uliokuwa ukipita; taarifa hiyo ilicheleweshwa makusudi, ikafika baada ya kipimo kukamilika. Kwa nini? Kwa sababu waya unaobeba habari "sasa ni kulia" unaweza kuvujisha umeme kidogo kwenye waya wa kipimo, na uvujaji wa sehemu chache katika bilioni unatosha kuharibu kila kitu. Hata mashine ikilijua jibu, inaweza kupika bila kukusudia.

Kila baada ya saa kadhaa waliweka au kuondoa kipande maalumu cha kioo mahali mwale unapozaliwa, kikageuza kulia kuwa kushoto. Tofauti ya kweli sharti igeuke ishara, kutoka hasi kwenda chanya. Ikikataa kugeuka, hiyo ni ya bandia.

Mwisho kabisa walijiziba macho wao wenyewe. Programu ya kompyuta iliongeza nambari ya siri kwenye kila jibu. Watu walichambua takwimu kwa miaka, wakabishana kuhusu takataka, risasi, na alumini ya madirisha ya shabaha, pasipo mtu yeyote kujua kama jibu lilikuwa linaikaribia nadharia au linaikimbia. Masahihisho yote yalikamilishwa kwanza. Ndipo nambari ya siri ikatolewa.

Matokeo kamili yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018. Chaji dhaifu ya protoni ilikuwa 0.0719, ikiwa na shaka ya 0.0045 juu au chini. Nadharia ilikuwa imesema 0.0708. Vinakubaliana. Hakuna kitu kipya kilichopatikana, na mwenzangu wa meza akaguna, "Miaka yote hiyo, halafu wanapata kilichokuwa kwenye kitabu?" Nikamjibu kwamba sisi pia tulipata kilichokuwa kwenye kitabu, tena kwa dakika kumi. Hakucheka.

Wengine wametumia kioo hicho hicho wakapata mambo yasiyo kwenye kitabu. Katika maabara ile ile, jaribio la PREX lilipima ngozi ya nyutroni inayozunguka kiini cha risasi, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha unene wa 0.28 hivi ya sehemu ya milioni ya milioni ya milimita, mnene kuliko wengi walivyodhani. Mwaka uliofuata jaribio la CREX likatoa kipimo cha kalisi, nayo ngozi yake ikawa nyembamba, 0.12 hivi. Wananadharia wanaumiza vichwa kuvipatanisha viwili hivyo. Na jaribio liitwalo MOLLER limebuniwa kutafuta tofauti ya takriban 33 katika bilioni. Mia mbili ishirini na sita sasa zinaonekana nyingi!

Muhula huu tulimwomba mwalimu turudie pendulamu. Mmoja wetu alipima nyuzi tatu peke yake, akaandika urefu kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Sisi wengine tulishika saa na kuhesabu mibembeo 50 kwa kila uzi, bila kujua jibu linaelekea wapi. Tulipomaliza ndipo karatasi ikafunguliwa. Uzi wa sentimita 30 ulitupa 9.5. Wa sentimita 50 ukatupa 9.6. Wa mita moja, 9.7.

Hakuna 9.8 hata moja. Tukaandika hivyo hivyo. Mwalimu alizitazama nambari, akatabasamu, akauliza jambo moja tu: "Uzi mliupima kuanzia juu mpaka wapi?"

Mpaka kwenye kulabu ya gololi. Hatukuujumlisha umbali wa kutoka kulabu hadi katikati ya gololi, sentimita moja hivi, ambayo kwa uzi mfupi ni hasara kubwa na kwa uzi mrefu ni ndogo. Lilikuwepo hata mwaka jana, kosa hilo. Tulilipika pamoja na mengine.